Siku mbili za sindano Majengo: namna watu kumi wanavyoshona blanketi moja



Wiki hii nimeulizwa mara nyingi kuhusu Jumamosi inayokuja. Wengine wanauliza kwa nia nzuri: "Eti munaenda retrete ya kushona?" Wengine wanacheka kwanza, halafu njo wanauliza. Badala ya kumjibu kila mtu peke yake barabarani, nimeona niandike mara moja, nieleze vizuri tunachoenda kufanya na namna kazi yenyewe inavyokwenda.

Jibu fupi ni ndiyo. Jumamosi na Jumapili tutakuwa watu kumi ndani ya darasa moja la shule ya msingi hapa Majengo, tumeazimwa kwa siku mbili kwa sababu wanafunzi hawapo. Tutaunganisha meza, tutafungua madirisha, tutawasha makala kwa ajili ya pasi, na tutashona blanketi moja. Moja tu. Na mimi, nawaambia ukweli, nahesabu siku kama mtoto anayengoja Noeli.

Atakayetufundisha ni mama mmoja fundi wa kartie yetu, sisi tunamwita Mama Fundi tu. Hana shahada. Ana mashini moja ya kukanyaga na miaka mingi ya kuketi mbele yake. Katika wale kumi kuna mmoja aliyesoma sheria, wawili wa uchumi, mmoja wa kilimo, na mwingine ambaye TFC yake bado iko kwa direkteri inangoja kusomwa. Wanaume ni wanne. Nataja hilo kwa sababu najua kuna mtu ameshafungua mdomo kusema kwamba hiyo ni kazi ya bamama. Mwambieni atembee atelye za Goma ahesabu wanaume walioinama juu ya mashini, halafu arudi.

Blanketi la vipande ni kitu gani

Kamusi za Kiswahili zina neno mfarishi, neno la watu wa pwani kwa kitu kinachotandikwa kitandani, kizito, chenye kujazwa ndani. Hapa kwetu watu wanasema tu blanketi ya bipande. Wote tumeliona: vipande vya vitenge vilivyobaki vimeunganishwa mpaka vikawa kitambaa kikubwa.

Lakini wengi wanafikiri kazi inaishia hapo. Blanketi la kweli lina matabaka matatu. La juu ni vile vipande, njo uzuri wake. La katikati ni kile kinacholeta joto. Sisi tutatumia blanketi kuukuu ambalo limechakaa lakini bado lina manyoya. La chini ni shuka nzima, ili mwili usigusane na mishono. Joto lenyewe halitoki kwenye nguo. Nguo inashika hewa isitembee, na hewa iliyotulia kati ya matabaka njo inayozuia joto la mwili wako lisikimbie. Ndiyo maana vitambaa vitatu vyepesi vilivyofungwa pamoja vinaweza kushinda kimoja kizito.

Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hayo ni mapambo. Kwa mtu wa Goma si mapambo. Mji wetu uko karibu mita 1.500 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi za Majengo ni mbao juu ya mawe ya volkano, na manjanja juu. Usiku wa Julai upepo unapita kati ya mbao na mbao. Kila mtu aliyekulia huku anajua kugombania blanketi na ndugu zake.

Na wazo la kuunga vipande si la kigeni kwetu. Kule Kasai, Wakuba wanajulikana duniani kwa vitambaa vyao vya rafia. Wanaume njo wanaofuma, wanawake njo wanaotia nakshi na kushonea vipande juu yake. Rafia ikitoka kwenye kitanda cha kufumia ni ngumu kama mkeka, kwa hiyo inatwangwa ili ilainike, na katika kutwanga inaweza kutoboka. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba viraka vya kwanza vilikuwa vya kuziba matundu hayo. Halafu kiraka kikapendeza, wanawake wakaanza kukiweka hata mahali pasipo na tundu. Leo makumbusho ya Ulaya na Marekani yanatundika vitambaa hivyo ukutani kama michoro ya wasanii wakubwa. Mwanzo wake ulikuwa mama aliyekataa kutupa nguo iliyotoboka.

Hesabu kwanza, makasi baadaye

Sasa niwaingize kwenye sehemu ninayoipenda. Mama Fundi aliponiona na daftari alisema: "Weye mwenye ulisoma, unihesabie bipande ngapi." Nikahesabu, na ile hesabu ilinifundisha kitu.

Blanketi letu litakuwa na upana wa sentimita 160 na urefu wa sentimita 200. Tunaweza kutumia vipande vidogo, vya sentimita 10 kwa 10, au vikubwa, vya 20 kwa 20. Tatizo ni kwamba kila kipande kinapoteza sentimita moja kila upande, ile inayoingia ndani ya mshono. Kwa hiyo ukitaka kipande kionekane sentimita 10, lazima ukate 12. Ukitaka 20, ukate 22.

Tuone. Kwa vipande vidogo unahitaji 16 kwa upana na 20 kwa urefu, jumla 320. Kila kimoja kimekatwa 12 kwa 12, yaani utatumia kitambaa cha mita za mraba 4,6 ili upate blanketi la mita za mraba 3,2. Karibu theluthi nzima ya kitambaa chako imejificha ndani ya mishono. Kwa vipande vikubwa unahitaji 8 kwa 10, jumla 80, na kitambaa cha mita za mraba 3,9 hivi. Blanketi ni lile lile, kitambaa kimepungua.

Mishono nayo? Kwa vipande 320, ukijumlisha mishono yote mifupi ya kuunga mistari na ile mirefu ya kuunga mstari na mstari, unafika karibu mita 67. Kwa vipande 80 unafika mita 30. Mimi kwa mkono, bila kukimbia, nashona mita moja kwa dakika 20 hivi. Mita 67 ni zaidi ya saa 22. Mita 30 ni saa 10. Tukachagua vipande 80, na hakuna aliyebisha.

Kuna mambo mengine ambayo mtu anayeanza hayaoni, naye Mama Fundi anayarudia kila siku.

La kwanza, fua kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kisimame vizuri dukani, na kingine kinarudi kidogo kikiguswa na maji. Ukiunga kitenge kipya na kile kilichofuliwa miaka mitano, siku ya kwanza ya kufua kimoja kitajikunja na jirani yake atabaki amelegea. Tena kuna vinavyotoa rangi. Loanisha pembe, ikandamize kwenye kitambaa cheupe, uone.

La pili, fuata uzi. Kitambaa kina nyuzi zinazokwenda urefu na zinazokwenda upana. Ukikata kwa kuzifuata, kipande kinabaki mraba. Ukikata mshazari, kitavutika mkononi mwako kama mpira, na vipande vinane vilivyovutika vikiungana, mstari mzima unakuwa nyoka.

La tatu, piga pasi kila mshono kabla ya kuvuka mwingine. Ukiuruka mmoja, mahali pembe nne zinapokutana patavimba kama kipele.

La nne ni sheria ya Mama Fundi mwenyewe: "Musikate mbio mbio. Kitambala ikishakatwa hairudiaka."

Kwa nini watu kumi, na kwa nini siku mbili mfululizo

Mtu ataniuliza: kama ni saa 10 tu, si kila mtu ashone nyumbani kwake jioni? Nilifikiri hivyo pia, halafu nikaiangalia kazi yenyewe inavyojipanga.

Blanketi letu lina mistari 10, kila mstari una vipande 8. Kuunga mstari mmoja ni mishono saba mifupi, mita moja na nusu hivi, nusu saa. Watu kumi, mistari kumi: katika nusu saa mistari yote imekuwa tayari. Hapo ndipo inaanza kitu kama mashindano ya mpira. Mistari 10 inaungana miwili miwili, inakuwa mikanda 5. Mikanda 5 inakuwa 3, mmoja umengoja. Mitatu inakuwa 2. Miwili inakuwa kitambaa kimoja. Ni raundi nne, na kila raundi ni mshono wa mita moja na sentimita sitini, nusu saa nyingine kwa yule anayeushona. Jumla ni saa mbili na nusu, au tatu ukiweka pasi na maneno.

Angalieni vizuri: watu kumi hawakumaliza kazi mara kumi haraka. Saa 10 zimekuwa kama saa 3. Kwa sababu raundi ya mwisho ni mshono mmoja, hata mkiwa mia hamuwezi kuushona wote. Wale waliosoma uchumi watanielewa. Na wanaongoja hawakai bure: wanakata uzi, wanapiga pasi, wanapika. Chakula chetu ni bugali na sambaza, na sombe Jumapili.

Halafu kuna kazi ambayo mtu mmoja haiwezi kabisa. Jumapili baada ya misa na kulti tutatandaza shuka juu ya meza, juu yake blanketi kuukuu, juu yake vile vipande. Watu wanne wanashika pembe na kuvuta, wengine wanashikiza kwa nyuzi ndefu kutoka katikati kwenda nje. Ukianza pembeni, mikunjo yote inakimbilia katikati na hutaiondoa tena. Kisha tunafunga mafundo: kila mahali pembe nne za vipande zinapokutana, sindano inashuka matabaka yote matatu, inapanda, uzi mnene unafungwa mara mbili. Pembe za ndani ni 7 kwa 9, mafundo 63. Bila hayo, ukifua mara tatu, kile cha katikati kinajikusanya upande mmoja, na wewe unalala chini ya shuka mbili na bonge. Mwisho Mama Fundi anapitisha pindo la kuzunguka kwa mashini yake, sentimita 720 kwa pande zote nne.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, tunasema hivyo kila siku kwenye mikutano. Kwenye meza ya blanketi unaona kwa macho ni wapi ule mkono wa pili unahitajika na ni wapi hauhitajiki.

Likelemba ya mikono

Sasa blanketi ni la nani? Hapo ndipo tulizungumza sana.

Wote mnajua likelemba. Mama zetu wamesomesha nusu yetu kwa likelemba: watu kumi, kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na kila zamu mmoja anachukua chungu chote. Tangu benki za mji zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, hata waliozoea akaunti walijifunza tena kuhesabu pesa mkononi mwa mtu wanayemwamini. Sisi tumefanya likelemba, lakini badala ya faranga tunaweka vipande na masaa. Mara moja kwa mwezi, wikendi moja, blanketi moja. Miezi kumi, blanketi kumi, kila mtu lake.

Sheria ni chache. Mwenye zamu anaweza kuleta hadi nusu ya vipande, yaani 40, vya kitambaa anachotaka. Wengine tisa wanaleta vitano vitano, ndiyo 45, na vitano vinavyozidi vinabaki akiba. Kila mmoja anatoa faranga 5.000 za uzi, makala na chakula. Mwenye zamu analeta shuka na kile cha katikati.

Sheria ya mwisho ndiyo ilichukua jioni nzima. Ndugu zangu, nani katika mji huu anaweza kuahidi miezi kumi? Mmoja wetu anangoja majibu ya kazi Kinshasa. Mwingine ana kaka Kampala ambaye anamwita kila wiki. Wote tunajua asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kutoa moto, amri ilipotaja kartie kumi za kuhama, na Majengo ilikuwamo. Kabla ya saa sita barabara ya Sake ilikuwa imejaa watu, magodoro na masufuria. Mtu aliyepata blanketi mwezi wa kwanza akiondoka mwezi wa nne, waliobaki watafanya nini?

Kwenye likelemba ya pesa huyo ni mwizi, kesi inaenda kwa shefu. Sisi tulikubaliana hivi: anayelazimika kuondoka hadaiwi mikono yake, kwa sababu mikono anaondoka nayo. Anadaiwa vipande. Kabla ya kupanda gari, au hata akivituma baadaye kwa mtu, anaacha vipande vitano kwa kila blanketi lililobaki. Ukiondoka baada ya mwezi wa nne, zimebaki blanketi sita, unaacha vipande 30. Ni kazi ya jioni moja. Na wale wanaobaki watalala chini ya kitambaa chako.

Aliyesoma sheria alisema mkataba huu hauna adhabu, kwa hiyo si mkataba. Mama Fundi akamwangalia kwanza. Akasema: "Mwenye hataki kurudia, hata adabu haimurudishaka." Tukasonga mbele.

Kitenge cha shangazi

Tulipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia. Namba moja iliniangukia mimi. Kwa hiyo Jumamosi ni zamu yangu, na ninatakiwa kuja na vipande 40.

Ninavyo, lakini bado havijawa vipande. Ni vitenge viwili vya shangazi yangu, dada ya baba, aliyenilea na kulipa shule yangu kwa kuuza unga na maharagwe soko la Virunga. Amefariki miaka miwili sasa. Mnajua kitenge kwa mwanamke wa hapa si nguo peke yake. Ni akiba. Mama ananunua, anakunja, anaweka ndani ya sanduku, hakishoni. Siku ya mahari kinatoka, siku ya matanga kinatoka, siku mtoto amefukuzwa shule kinauzwa. Shangazi aliuza vingi kwa ajili yangu. Viwili hivi njo vilivyobaki, yadi mbili kila kimoja, vya buluu na mbayuwayu wanaoruka. Siku ile ya Sake alivifunga kiunoni chini ya nguo nyingine, akavirudisha hapa Majengo bila hata tone la matope.

Binamu yangu, binti yake, alisema: "Unataka kukata mama?" Neno hilo lilinilaza macho siku mbili. Kwa upande mwingine, sanduku lina unyevu, na kitambaa kilichokunjwa muda mrefu kinaoza kwanza kwenye mikunjo. Kukiacha nacho ni namna ya kukikata, polepole, na hakuna atakayejifunika.

Niliposoma kuhusu blanketi za wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama kule Marekani, nilikutana na mama mmoja aitwaye Missouri Pettway. Mumewe alifariki, na mwaka 1942 alichukua nguo zake za kazi, zile za shambani zenye viraka magotini, akazikata na kuzishona blanketi, ili amkumbuke na ajifunike. Miaka sitini baadaye, mwaka 2002, blanketi za kijiji kile zilionyeshwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston. Mwaka ule ule wa 2002, mwezi wa Januari, lava ya Nyiragongo ilikuwa imepita katikati ya mji wetu na kufunika sanduku nyingi za mama wa Goma na vitenge vyao ndani. Lile la Missouri Pettway lilibaki kwa sababu lilitumika, na kwa sababu watoto wake walijua ni nguo za nani.

Nilimpelekea binamu yangu hesabu, maana mimi maneno mazuri sina. Kitenge cha yadi mbili kina urefu wa sentimita 183 na upana wa 116 hivi. Ukikata vipande vya 22, unapata vitano kwa upana na vinane kwa urefu. Arobaini kamili. Yaani kitenge kimoja tu kinatosha nusu ya blanketi, na kingine kinabaki kizima, chake yeye, sandukuni au kiunoni, apendavyo. Vipande 40 vya shangazi na 40 vya wenzangu vitapangwa kimoja kimoja kama ubao wa dama, ili kila kipande cha shangazi kishikwe na vya watu wengine pande zote.

Hakujibu siku hiyo. Kesho yake alituma ujumbe akiuliza ni saa ngapi tunaanza, na kama mtu asiyejua kushona anaruhusiwa kushika pembe.

Kwa wale wanaotaka kuja

Tunaanza Jumamosi saa mbili asubuhi, si saa nne. Kundi la kwanza limejaa, lakini Mama Fundi amekubali watazamaji watano, kwa masharti kwamba mtazamaji naye anapewa sindano. Tukipata kumi wengine, likelemba ya pili itaanza mwezi ujao, na darasa la pembeni tumeshaliomba.

Kila mtu alete makasi yanayokata nguo, si yale ya karatasi. Kama yamekata karatasi, yanatafuna kitambaa. Mlete sindano mbili, maana moja inapotea. Mlete rula ndefu, au kadi ngumu ya mraba wa sentimita 22 muipitishe kalamu pembeni. Ikatwe mara moja vizuri, na ninyi nyote mtumie ile ile, kwa sababu rula kumi zinatoa vipande vya aina kumi. Mlete vipande vitano vilivyofuliwa na kupigwa pasi.

Msiende kununua kitenge kipya. Piteni kwenye atelye za kartie jioni, wanapofagia. Chini ya mashini kuna vipande ambavyo usiku vitawashia mbabula. Salimieni vizuri, mseme ni vya nini. Mimi nilipita atelye tatu wiki iliyopita, nikatoka na mfuko umejaa, na fundi mmoja, mzee, aliniuliza kama mwezi ujao naye anaweza kuandikwa.